Upande wa Dereva

Kabla ya kununua chochote, tuliinua.
Jeki mbili, gogo la mkaratusi, na Wafula akifoka:
"Polepole! Kebini si gunia!"
Bedfodi ya mama ikaachana na chesi yake
kwa mlio wa jino lisilotaka kung'oka,
na vumbi la Kaptembwo likaingia palipokuwa na giza
tangu kabla sijazaliwa mdogo wangu.

Daftarini nilikuwa na bei.
Mpira halisi wa kuagizwa: elfu thelathini na nane,
ongeza ushuru, na miezi mitatu ya kuambiwa kesho.
Ile plastiki ngumu nyekundu, elfu kumi na nne.
"Hiyo haina huruma," Wafula akasema.
"Kila shimo la barabara ya Njoro
litapanda moja kwa moja hadi kwenye magego yako."
Mvule ni nafuu, na chini ya sanduku la mizigo hauna mpinzani,
lakini chini ya kebini hulia,
na ukinywa mvua huvimba kama mgeni aliyenyimwa kiti.
Mkanda wa machimbo ya mawe, mia tisa kwa futi:
tabaka za turubai ndani, kama chapati,
na kingo zisipozibwa hunyonya maji mithili ya utambi.

Mke wangu akanitumia methali: rahisi huvunja upishi.
Dakika tano baadaye akatuma elfu mbili
za kununulia hiyo hiyo rahisi.

Tukaenda kwa Jerotich, mkata akala.
Alinisikiliza, kisu mkononi,
kama anayeulizwa njia na mtu aliyesimama mlangoni mwake.
"Usichukue tairi lenye nyaya," akasema.
"Waya hula chuma, chuma hula kutu, nawe utakula hasara.
Chukua la trekta, la zamani, la nyuzi.
Libane kwenye jiriwa usiku kucha.
Asubuhi lifungue, upime.
Likirudi unene wake, ni mpira.
Likibaki limenywea, ni uchafu tu wenye umbo."

Tukalibana. Asubuhi lilikuwa limerudi.
Mia moja na hamsini kila kipande, na matundu ametoboa yeye.

Ndipo Wafula akaanza kukwangua vya zamani.
Vitatu vilitoka kama makaa, vikamwagika kwenye kiganja.
Cha nne, upande wa dereva, kiligoma.
Akakitia patasi, akakigeuza, akanyamaza.
Kilikuwa na kisigino.
Kilikuwa na misumari mitatu ya ukanda,
na alama ya dole gumba, ndogo, ya mguu wa kushoto.

Mwaka wa sabini na nne, msimu wa pareto,
mama alirudi nyumbani kutoka Molo usiku wa manane.
Nilimfungulia mimi. Mguu mmoja akala,
mguu mmoja matope hadi kifundoni.
Nikauliza. Akasema, "Lete maji."
Hakuna aliyeuliza tena, na pareto ilikuwa imefika kavu.

"Ndiyo maana," Wafula akasema.
"Ndiyo maana huo mlango haujawahi kufunga.
Akala ni nyembamba. Kebini imelala upande
miaka yote hiyo."

Tukafunga vinne vipya, washa pana, nati mbilimbili.
Mlango ukaingia mahali pake, tik,
kwa adabu ya mlango wa benki.
Nikaufungua. Nikaufunga. Tik.
Wafula alikuwa anaifuta spana, anangoja sifa zake.

Mama aliufunga kwa goti:
aliuinua kidogo, akausukuma, akatukana kwa sauti ya chini,
ndipo tulijua safari imeanza.

"Fungua huo wa nne," nikamwambia.
"Utajuta," akasema,
na mkono wake tayari ulikuwa unaitafuta akala
kwenye mfuko wa ovaroli,
ambako, sijui kwa nini, alikuwa ameihifadhi.